Mita 300 Mpaka Mlangoni

Gunia la viazi la kilo 25 si mzigo wa kumtoa jasho mtu wa Kariakoo, Dar es Salaam. Nimekulia mtaani ambako watu walipita mbele ya duka letu na gunia la mchele la kilo 100 begani, wakipaza sauti kuomba njia, na bado wakabakiwa na pumzi ya kumtania muuza kahawa. Kwa hiyo alfajiri ile ya Februari 2012, niliposhusha gunia la kwanza kutoka kwenye gari, sikuwa na wasiwasi wowote. Wasiwasi ulinipata kwenye gunia la sita. Ilikuwa inanyesha ile mvua ya London isiyo na nguvu na isiyokoma, na kutoka nilipoegesha mpaka mlango wa jikoni zilikuwa hatua 400 na ushei. Nilizihesabu kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Kama mita 300. Siku moja kabla, kutoka kwenye gari hadi mlango ule ule, zilikuwa hatua tano.

Toroli nilikuwa nalo. Lakini njia ya muda waliyoachiwa waenda kwa miguu ilibanwa kati ya ukuta na uzio wa mbao, ina kona mbili kali, na chini yamelazwa mapande ya plastiki ya kufunika nyaya. Kila nikilisukuma, gurudumu linanasa. Nikaliacha, nikarudi kwenye teknolojia ya nyumbani.

Siku hizo nilikuwa dereva wa mfanyabiashara wa mbogamboga. Tulipakia usiku kwenye soko la New Covent Garden, pale Nine Elms, kusini mwa mto Thames, kisha tunavuka daraja kwenda kusambaza kwenye migahawa ya Soho. Soko lenyewe lilikuwa zamani huko huko katikati ya jiji, pale Covent Garden, likahamishwa mwaka 1974 kwa sababu malori yalikuwa yameziba mitaa. Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza kazini na sikulitilia maanani. Soko liliondoka, walaji wakabaki, na kwa sababu walaji walibaki, kila usiku kuna watu kama mimi wanaorudisha vitunguu mahali vilipotolewa.

Kilichofunga mtaa wetu kilikuwa stesheni. London ilikuwa inachimba reli mpya chini ya tumbo lake, mradi ulioitwa Crossrail, ambao bunge liliupitishia sheria mwaka 2008 na ujenzi ukaanza mwaka 2009. Mahandaki pacha ya kilomita 21 kutoka magharibi kwenda mashariki, chini ya majengo, mabomba ya maji taka na reli nyingine za chini ya ardhi. Pale Tottenham Court Road stesheni ilipaswa kuwa na midomo miwili: mmoja kwenye njia panda ya St Giles, ambako ukumbi maarufu wa muziki wa Astoria ulibomolewa mwaka 2009, na mwingine Dean Street, ndani ya Soho. Maana yake majengo mazima yaligeuzwa mashimo, na mashimo hayo yakahitaji malori, na malori yakahitaji mitaa.

Soho si eneo la kupisha malori. Ni vichochoro. Ukilisimamisha gari vibaya unamziba mwenye maziwa, mwenye maziwa anamziba mwenye mkate, na mwenye mkate anaanza kupiga honi saa kumi na moja alfajiri wakati juu ya mgahawa kuna watu wamelala, ambao kesho yake wataandika barua kali. Tena kulikuwa na saa ya kukimbizana nayo. Katikati ya London hutozwa tozo ya msongamano, wakati ule pauni 10 kwa siku, ikianza saa moja asubuhi Jumatatu hadi Ijumaa. Tajiri wangu alishasema: atakayenaswa na saa moja ndani ya mpaka, pauni 10 anatoa mfukoni mwake. Kila mita unayoongezewa ya kutembea na gunia inakusogeza kwenye saa moja.

Asubuhi ile nilinaswa na saa moja, na nikanaswa na jambo lingine kubwa zaidi. Niliporudi kuchukua gunia la mwisho nikakuta bahasha ya plastiki imebandikwa kwenye kioo. Faini pauni 130, ukilipa ndani ya siku 14 ni nusu yake. Nilipandwa na hasira. Nilikuwa napakua mzigo, jamani, sikuwa nimekwenda kunywa chai! Nikaandika barua ya rufaa kwa Kiingereza changu chote. Nikashindwa, na nilistahili kushindwa.

Nieleze kidogo, kwa sababu hata madereva waliokaa miaka mingi huko hulichanganya. Mistari miwili ya njano sambamba na ukingo wa barabara inakataza kuegesha, lakini kwa kawaida haikukatazi kusimama kushusha mzigo. Kinachokataza kushusha mzigo ni alama nyingine, vistari vifupi vya njano vilivyopakwa juu ya jiwe la ukingo lenyewe. Kistari kimoja, angalia kibao, kuna saa zake. Viwili, usishushe hata nyanya moja, saa yoyote, siku yoyote. Nilipoegesha palikuwa na viwili, na mimi nilikuwa natazama uzio. Mambo makubwa ya jiji yameandikwa kwenye mabango marefu kama nyumba. Yale yanayomgusa mbeba mzigo yameandikwa chini, kwenye urefu wa kiatu.

Hata kufungwa kwa mtaa kulitangazwa. Karatasi ilivishwa nailoni ikafungwa kwenye nguzo ya taa kwa wiki mbili, yenye tarehe, saa na ramani. Niliipita asubuhi kumi hivi mfululizo. Siwezi kumlaumu mtu. Dereva anasoma barabara kwa tairi; mpaka tairi ikatae ndipo anapoinua macho.

Mlango wa mwisho siku ile ulikuwa wa mama mmoja wa Kigiriki kutoka Cyprus, mwenye mkahawa mdogo wa kifungua kinywa. Alikuwa na umri wa mama yangu, na nilimwita Mama hivyo hivyo kwa Kiswahili. Alifikiri ni heshima ya kwao na ya kwetu, na kweli ilikuwa hivyo. Nilimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Vitunguu vyake vimechelewa saa nzima. Nikajieleza: njia imefungwa, mvua, faini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, mimi sikununua sababu. Nilinunua vitunguu." Kisha akanipa chai.

Usiku wa siku hiyo nilimpigia simu baba yangu mdogo, Dar es Salaam. Ana duka la jumla Kariakoo, na kabla sijasafiri nilimfanyia kazi miaka minne. Nilikuwa nategemea anihurumie. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamsimulia mita 300. Akacheka sana. "Kwani wewe ulidhani mzigo unakwenda wapi?" akaniuliza. "Ukiizuia Fuso isiingie mtaa wa Kongo, mzigo hauyeyuki. Unashuka kwenye Fuso, unapanda mgongoni mwa mtu. Kazi ya mwenye duka ni kujua ni mgongo wa nani, na alipwe ngapi."

Nilikuwa nimeiona hesabu hiyo kila siku bila kujua kwamba ni hesabu. Duka la baba mdogo halikuwa na mahali pa kusimama lori. Mzigo ulikuja usiku, lori likasimama mbali, mkokoteni ukachukua hadi kona, wachukuzi wakamalizia. Kila kipande cha safari kilikuwa na bei yake, na kipande kifupi kuliko vyote, kile cha kutoka kona hadi stoo, kwa hatua ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote. Shehena imetoka Guangzhou, imevuka bahari, imekaa bandarini, na mahali inapogomea ni hatua 100 kutoka mlangoni. Mwenye duka anayeisahau hatua hiyo kwenye mahesabu yake hafiki mwaka wa pili.

Na Kariakoo yenyewe, jina lake ni nini? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jina lililosagwa kinywani mwa watu hadi likawa Kiswahili. Wapagazi wale waliwekwa kambi pale. Walibebeshwa kwa sababu malori hayakuweza kupita porini na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Njia ilifungwa, mzigo ukapanda migongoni, na makumi ya maelfu ya wenye migongo hiyo hawakurudi makwao. Tuna msemo tunaousema kwa utani, mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na Mnyamwezi mwenyewe huucheka pamoja nasi. Tangu asubuhi ile siupendi sana. Hauulizi kwa nini ni yeye.

Nirudi Soho. Lango la eneo la ujenzi lilikuwa na mzee mmoja wa Kiayalandi, koti la njano linalong'aa, redio ya mkononi, na miaka arobaini ya kujenga London nyuma yake. Kazi yake ilikuwa kuongoza malori yanayoingia na kutoka. Wiki ya pili ya mateso yangu nilianza kumsalimia, kwa mazoea tu ya kwetu, huwezi kumpita mtu kila alfajiri kama nguzo. Wiki ya tatu akaanza kunieleza kazi yao.

Nilichojifunza kilinishangaza. Nilidhani malori yale hujiendea tu. Kumbe kila lori lilikuwa na saa yake. Yalisubiri mbali, kwenye maegesho nje ya katikati ya jiji, mpaka mzee aseme kwenye redio kwamba pako wazi, ndipo moja likaitwa. Likifika kabla ya saa yake halipokelewi. Dereva wake alipaswa kuwa amehudhuria mafunzo ya siku nzima kuhusu waendesha baiskeli na watembea kwa miguu, na lori liwe na vioo vya ziada na vizuizi vya ubavuni, la sivyo linarudishwa langoni. Udongo wa mahandaki yale upande wa magharibi haukupita mitaani kwetu kabisa. Ulitolewa kwenye mdomo wa handaki pale Royal Oak, ukapanda treni, kisha meli, mpaka kisiwa cha Wallasea kwenye pwani ya Essex, ukatumika kutengeneza makazi ya ndege. Nilipolisikia hilo nilikaa kimya. Udongo ulikuwa umepangiwa safari kutoka tumboni mwa ardhi hadi kwenye miguu ya ndege wa baharini. Kitunguu cha Mama hakikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Mzee ndiye aliyeona njia. "Kijana," aliniambia, "lori langu la kwanza linaitwa saa mbili. Kabla ya hapo nalinda hewa." Mbele ya lango lake kulikuwa na nafasi ya magari mawili marefu, imezungushiwa koni tangu jioni, tupu mpaka saa mbili asubuhi. Mimi nahitaji saa kumi hadi saa moja. Tulikuwa tunagombania barabara ambayo hatukuwa tunaihitaji wakati mmoja! Lakini mzee hakuwa na mamlaka ya kuhamisha koni hata moja, na mimi sikuwa na ubavu wa kumwomba avunje utaratibu uliomweka kazini.

Mradi ulikuwa na vikao vyake na wakazi na wenye biashara. Chai, biskuti, ramani ukutani. Sijawahi kuviamini vikao vya namna hiyo, na Mama alivichukia waziwazi. Tulikwenda kwa sababu mzee alitusukuma. Mhandisi aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu, ana takwimu za magari yote yanayopita mtaani kwa saa. Akaeleza vizuri. Alipomaliza, Mama akafungua mkoba akatoa daftari la shule.

Ndani yake alikuwa ameandika kwa mwezi mzima kila kilichoingia na kutoka mlangoni kwake. Maziwa. Mkate. Mimi. Samaki siku ya Ijumaa. Mitungi ya gesi. Dobi wa vitambaa vya meza. Mafuta machafu ya kukaangia, ambayo yanakwenda nje. Taka, zinazokwenda nje kila siku na zikikosa siku moja tu panya wanaarifiana. Halafu akasema: huu ni mlango mmoja, kichochoro chetu kina milango kumi na mmoja. Yule kijana aliitazama ramani yake tena kwa muda. Ilikuwa na magari. Haikuwa na milango. Hakubishana, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alivuta karatasi akaanza kuuliza saa, na kila saa aliyotajiwa akaiandika.

Wiki iliyofuata koni sita zilisogezwa. Ndiyo hivyo, koni sita. Hadi saa moja asubuhi ile nafasi mbele ya lango ikawa ya kushushia mizigo ya kichochoro, baada ya hapo ikarudi kuwa ya ujenzi. Mita zangu 300 zikawa 40. Mzee akawa anatuongoza kuingia kwa ishara zile zile za mikono anazoongozea malori ya zege, kwa taadhima kubwa, kana kwamba sanduku la nyanya ni mhimili wa chuma.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Tulikuwa tumekaa wiki kadhaa tukiamini kwamba kinachotukosesha usingizi ni reli ya mabilioni, jambo kubwa kuliko sisi ambalo mtu mdogo hulivumilia tu. Sehemu kubwa ya maumivu yetu ilikuwa koni sita na mazungumzo ambayo hayakufanyika. Sisemi matatizo yote ni hivyo. Nasema tangu siku ile, nikikutana na jambo lililonizidi, katika ndoa, kazini, hata na wanangu, huwa najiuliza kwanza kama nimeshauliza saa. Mwenzangu anahitaji nini, saa ngapi? Mara nyingi hatugombanii kitu. Tunagombania saa, na hakuna aliyetaja yake.

Mwaka uliofuata ardhi chini yetu ilipitiwa na mashine. Waingereza huzipa mashine za kuchimba handaki majina ya kike, na mbili zilizopita chini ya Soho ziliitwa Phyllis na Ada. Phyllis ni kwa heshima ya Phyllis Pearsall, mwanamke aliyetengeneza kitabu cha ramani za mitaa ya London, kile ambacho madereva wa mizigo tulikiweka mlangoni mwa gari mpaka kurasa za katikati zikachomoka. Pale stesheni mashine mojawapo ilipita kwenye umbali usiofika mita moja kutoka kwenye mahandaki ya treni za zamani, huku treni zikitembea. Nilikuwa nashusha karoti. Sikuhisi chochote, hata kikombe cha Mama hakikutikisika. Wanaoweza kupitisha mtambo wa mamia ya tani kwenye nafasi ya namna hiyo bila kummwagia mtu chai, hawakushindwa kujua magunia yetu yanaingiaje. Hawakuwa wameulizwa swali hilo tu.

Kuna upande wa fedha ambao haukunipendeza. Sehemu ya gharama za reli ile ililipwa na biashara za London zenyewe, kwa kodi ya ziada iliyoanza Aprili 2010, senti 2 kwa kila pauni ya thamani ya pango, kwa majengo yaliyozidi pauni 55,000. Mama hakufika kiwango hicho, kwa hiyo hakulipa. Ni haki. Lakini vilevile, aliyebomolewa jengo lake alikuwa na sheria ya kumfidia, na aliyeachiwa jengo lake akazungushiwa uzio mbele, kwa kawaida alibaki na uzio wake. Huko Auckland, New Zealand, wafanyabiashara wadogo walioteseka na ujenzi wa reli ya chini ya ardhi katikati ya mji walipiga kelele miaka hadi mwaka 2021 ukaundwa mfuko wa dola milioni 12 za huko kuwasaidia. Ulichelewa, lakini angalau mtu alikiri kwamba kuna migongo iliyobeba.

Mkahawa wa Mama ulibadilika wateja. Watu wa ofisini hawakupenda kupita kwenye ule mfereji wa mbao, na mwaka 2015, kwa karibu mwaka mzima, treni za chini ya ardhi za njia ya Central hazikusimama kwenye stesheni ya pale, wakashukia stesheni za jirani na kula huko huko. Badala yao walikuja wajenzi wenyewe, kofia ngumu chini ya meza, mayai matatu na maharage. "Wanakula vizuri," Mama alisema, "ila hawa ni wageni wa msiba. Shughuli ikiisha wanaondoka." Alikuwa anasubiri Desemba 2018, mwezi ulioahidiwa wa kufunguliwa reli. Kwa miaka yote alikuwa na tarehe moja, na alipanga kila kitu kuielekea: mkopo, mkataba wa pango, hata lini atampa mwanawe mkahawa.

Tarehe 31 Agosti 2018, miezi mitatu na siku chache kabla ya ahadi, ikatangazwa kwamba reli haitafunguliwa Desemba. Ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022, kwa jina la Malkia Elizabeth. Bajeti iliyokuwa pauni bilioni 14.8 ilifika karibu bilioni 19. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi ya usambazaji mwaka 2016. Mama alifunga katikati ya kungoja huko. Siwezi kusema ni uzio uliomfunga. Kodi ya pango ilipanda, magoti yalimuuma, kisha ikaja korona ikawafunga na wengine. Mwanawe aliniambia jambo moja tu: kuchelewa mama aliweza, hakuweza kuambiwa dakika za mwisho. Baba mdogo ana kanuni kuhusu wadeni wake wa Kariakoo. Mdeni anayekuja wiki mbili kabla ya siku ya ahadi kusema sitaweza, huyo humwongeza muda na mzigo mwingine humpa. Anayekuja siku yenyewe hampi hata kiti.

Desemba 2024 nilikuwa likizo nyumbani, nikapanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, safari ambazo zilianza Juni mwaka huo. Chini ya saa mbili. Niliwahi kuifanya kwa basi ikala nusu siku. Kinachonivutia ni kwamba reli yetu imeingizwa mpaka mjini, imepandishwa juu ya nguzo, na stesheni imekaa jirani na ile ya Wajerumani. Unashuka, unavuka, uko mjini. Nairobi walichagua vingine. Reli yao iliyoanza mwaka 2017 inawashusha abiria wa Nairobi Syokimau, kilomita kama 20 kutoka katikati ya jiji. Mitaa ya katikati ilinusurika kuchimbwa, na abiria kutoka Mombasa akifika anaanza upya na mabegi yake kutafuta treni nyingine au matatu. Usumbufu wa kujenga Nairobi waliukwepa wakati ule. Abiria anaulipa kidogo kidogo kila siku, na utalipwa miaka mingi baada ya wajenzi kuondoka. Mimi, niliyebeba viazi kuzunguka uzio, bado ningechagua stesheni mjini.

Niliporudi Kariakoo kumuaga baba mdogo nilimkuta ameketi mlangoni na daftari, kandokando yake wachukuzi watatu wanasubiri lori lililokwama mtaa wa pili. Mmoja wao alikuwa kijana mdogo sana. Nikamuuliza bei ya kutoka kona hadi stoo siku hizi. Akanitajia. Nikasema mbona kidogo? Baba mdogo akanitazama kwa chini ya miwani, hakusema kitu, akaandika jambo kwenye daftari lake. Jioni niliambiwa ameongeza.

Nawe ukifika London, ukaipanda treni ya zambarau ya reli ile ya Malkia Elizabeth, shukia Tottenham Court Road, utokee mlango wa Dean Street. Ni stesheni nzuri, wasikudanganye. Ukiwa pale alfajiri kabla ya saa moja, ukakuta mtu anasukuma toroli la vitunguu kwenye kichochoro, mpishe.